Bosi amefunga kiwanda, sasa anataka tusaini tupewe elfu tano

SWALI

Hujambo mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kaptembwo hapa Nakuru. Kwa miaka sita na miezi minne nimekuwa nikifanya kazi katika kiwanda kidogo cha mikate. Nilianza kwa kufungasha, baadaye nikapelekwa kwenye mashine ya kukanda unga. Mshahara wangu ni shilingi 24,000 kwa mwezi kabla ya makato, na ulikuwa ukiingia kwa M-Pesa.

Mambo yalianza kuharibika pale unga ulipoanza kuletwa nusunusu. Gari moja la kusambaza mikate likauzwa, kisha la pili. Mshahara ulipochelewa mara ya kwanza, meneja alitusihi tuvumilie, ati kuna supamaketi inadaiwa, ikilipa tu nasi tutalipwa. Mwezi wa pili ukapita vilevile. Tuliendelea kwenda kazini kwa sababu ukikosa siku moja unaambiwa umetoroka. Halafu Jumatatu moja, mwanzo wa mwezi, tulifika shifti ya asubuhi tukakuta mnyororo mpya langoni na kufuli mbili. Bawabu, ambaye naye hajalipwa, alituambia mashine mbili zilibebwa na lori usiku wa Jumamosi. Bosi hashiki simu.

Siku chache baadaye meneja aliandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kwamba kampuni imefilisika na hakuna pesa, lakini kwa utu wake bosi atampa kila mmoja shilingi 5,000. Sharti ni kusaini karatasi. Mwenzetu mmoja aliipiga picha. Imeandikwa kwamba nimepokea haki zangu zote na sina dai lolote dhidi ya mwajiri, sasa wala baadaye. Baadhi yetu wameshasaini.

Nadaiwa kodi ya nyumba ya miezi miwili na mwenye duka amekataa kuendelea kunikopesha. Mume wangu anasema nichukue hiyo elfu tano kabla haijageuka kuwa elfu mbili. Vijana wanasema tuvunje kufuli tuchukue kreti na mashine iliyobaki tukauze, tugawane. Barua ya kuajiriwa sikuwahi kupewa. Likizo ya mwaka jana sikwenda, niliambiwa ningoje. Nimeangalia NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, nikakuta kuna miezi michango yangu haikufika, na tulikuwa tukikatwa kila mwezi. Wenzetu wanaolipwa kwa siku, ambao wamefanya kazi hapo miaka miwili mfululizo, wameambiwa kibarua hana haki yoyote. Na tunasikia bosi anafungua kiwanda kingine upande wa Njoro.

Nisaini, au nisisaini?

Mama wa shifti ya asubuhi, Nakuru

JIBU

Dada yangu, usisaini. Najua unaisoma barua hii kodi ikikungoja na watoto wakiomba chakula, na mumeo hasemi hivyo kwa ubaya. Lakini hebu tupige hesabu ya kile unachoombwa kukiacha, kisha uitazame tena hiyo elfu tano.

Mishahara miwili uliyoifanyia kazi ni shilingi 48,000. Hiyo si fadhila, ni jasho lako. Kuna notisi: mtu anayelipwa kwa mwezi haachishwi kazi kwa kufuli. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka apewe notisi ya maandishi, na asipopewa, alipwe mshahara wa mwezi mmoja badala yake. Hiyo ni 24,000. Kuna likizo: sheria inakupa siku 21 za kazi kila mwaka, na kwa hesabu ya siku 26 za kazi kwa mwezi, siku zako 21 ni karibu shilingi 19,385. Halafu kuna fungu ambalo wafanyakazi wengi hawalijui. Kazi inapoisha kwa sababu biashara imefungwa au nafasi imeondolewa, bila kosa la mfanyakazi, kifungu cha 40 kinaagiza alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Wewe umemaliza sita. Hata tukihesabu siku 15 kuwa nusu ya mshahara wako na si zaidi, ni 12,000 mara sita, yaani 72,000.

Jumla ni shilingi 163,385. Hicho ndicho kitu ambacho karatasi ya meneja inakutaka useme umeshapokea.

Wasikutishe pia kwa kusema kwamba kwa kuwa uko NSSF huna chako. Kuna malipo mengine yanayoitwa ya utumishi, na hayo ndiyo mwanachama wa NSSF huwa hayapati. Hizo siku 15 za kifungu cha 40 ni jambo tofauti, na uanachama wako wa NSSF hauzigusi.

Sasa hiyo karatasi. Mtu husema, "Nitasaini, halafu nitaenda kortini nieleze nilikuwa na njaa." Wengine wamesikilizwa, hasa walipoonyesha kwamba walilazimishwa au walidanganywa. Lakini Mahakama ya Rufaa imewahi kumfungia mlango mfanyakazi aliyesaini kwa hiari kwamba amemalizana na mwajiri wake. Kila kesi huangaliwa kwa mazingira yake, na mimi singependa uanze safari hii ukiwa na mzigo wa kueleza saini yako. Waliosaini nao wasikate tamaa. Waandike leo, kwa tarehe, jinsi walivyoitwa, waliambiwa nini, walipewa muda gani wa kusoma na kama waliachiwa nakala, na waende nanyi mbele ya afisa wa leba.

Pesa bosi akizituma bila karatasi, pokea. Ni zako. Mjibu papo hapo kwa ujumbe: "Nimepokea 5,000 kama sehemu ya mshahara wangu wa miezi miwili." Basi. Ujumbe huo utakufaa zaidi ya mabishano ya wiki nzima.

Kuhusu lango, niwaombe vijana kwa moyo wote: msiliguse. Mashine iliyomo ndani si yenu hata kama mnadai. Pengine hata si ya bosi, huenda ni ya benki iliyomkopesha, na mwenye jengo naye, kama anadai kodi, anaweza kuleta dalali aikamate kwa utaratibu wa sheria. Mkivunja kufuli, siku hiyo hiyo habari inageuka. Mliodhulumiwa mtakuwa washtakiwa wa wizi, na bosi aliyekuwa amejificha atatokea polisi mchana kweupe kuandikisha taarifa. Kama kuna vitu vyenu wenyewe vilivyobaki ndani, gambuti, sufuria au nguo, viandikeni na mwombe afisa wa leba au polisi wawepo mkivichukua.

Neno "kufilisika" nalo lisiwalaze. Meneja kuliandika kwenye WhatsApp hakuifanyi kampuni iwe imefilisika. Kisheria huo ni utaratibu wenye watu na makaratasi: kuna msimamizi au mfilisi aliyeteuliwa, kuna tangazo, na kuna mahali pa kupeleka madai. Wakazi wa Nakuru wanaikumbuka Nakumatt, ile kampuni ya supamaketi iliyoanzia papa hapa mjini. Iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Ilikuwa habari ya uchungu kwa maelfu ya wafanyakazi, lakini angalau kila mtu alijua nani ameshika funguo. Kwenu hakuna lolote la namna hiyo. Kuna mtu aliyebeba mashine usiku.

Na hata siku kampuni ikifilisika kweli, mfanyakazi hafutwi kwenye daftari. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inaiweka mishahara ya miezi minne ya mwisho, malipo ya likizo na fidia ya kuondolewa kazini kwenye daraja la pili, nyuma ya gharama za ufilisi wenyewe na mbele ya kodi za serikali, mpaka kikomo cha shilingi 200,000 kwa kila mfanyakazi. Benki yenye dhamana ya mali fulani huweza kuichukua mali hiyo kwanza, kwa hiyo siwaahidi kwamba kila shilingi itapatikana. Ila anayedai anapaswa kupeleka dai lake kwa mfilisi. Aliyesaini kwamba hadai chochote atapeleka nini?

Kuna jambo moja nataka mlichunguze mapema, maana litaamua mnamdai nani. Tafuteni karatasi ya mkate wenu, ile ya kufungia. Soma jina la mtengenezaji. Likiishia na Limited, mwajiri wenu ni kampuni, na kwa kawaida deni ni la kampuni, si la mfuko wa bosi. Kama ni jina la biashara tu, basi bosi na biashara ni kitu kimoja, na deni linamfuata yeye mwenyewe mpaka Njoro na popote atakapokwenda. Aliyewahi kupiga picha karibu na ule ukuta wenye kibali cha biashara cha kaunti aangalie kwenye simu yake, jina lililoandikishwa limo humo. Mkishalipata jina, rekodi za usajili zinaombwa kupitia eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, na kwa kampuni zitawaonyesha wakurugenzi ni nani na anwani iko wapi.

Kama ni kampuni na amefungua nyingine yenye jina jipya, mambo yanakuwa magumu kidogo, kwa kuwa sheria huzihesabu kama watu wawili tofauti. Mahakama inaweza kulivua vazi hilo la kampuni na kumtazama bosi aliye ndani yake, ikiona lilivaliwa kwa hila, na mashine zilizohama usiku ni aina ya jambo ambalo hakimu atataka kulisikia. Ndiyo sababu ushahidi wa bawabu ni wa thamani sana. Akae na mmoja wenu leo, aandike alichokiona: saa, rangi ya lori, namba ya gari kama aliishika, nani alifungua lango. Asaini na atie tarehe. Naye anadai mshahara kama ninyi, mchukueni awe mwenzenu. Mahakama pia inaweza kuombwa amri ya muda kuzuia mali iliyobaki isihamishwe kesi ikiendelea, na ombi kama hilo halina maana likiletwa mali ikiwa imeshauzwa.

Kutopewa barua ya kuajiriwa kusikutie hofu. Kuandika mkataba ni wajibu wa mwajiri, na mkifika mahakamani akashindwa kuutoa, sheria inamtwika yeye kazi ya kupinga yale unayosema mlikubaliana. Wewe lete ulichonacho. Omba taarifa ya M-Pesa ya miaka yote unayoweza kuipata, uonekane mshahara ulivyokuwa ukiingia kutoka namba ile ile kila mwisho wa mwezi. Piga picha ya aproni yenye jina la kiwanda, kitambulisho cha kazi, ratiba ya shifti kama kuna aliyeipiga picha ukutani. Na kile kikundi cha WhatsApp, kihifadhi usiku huu, kabla meneja hajawaondoa. Hifadhi picha za ujumbe wa kuchelewa kwa mshahara, wa kufilisika na wa elfu tano, tarehe na namba zikionekana. Mwajiri aliyeandika kwa mkono wake kwamba hana pesa za kuwalipa amekiri kwamba mnamdai.

Hiyo michango ya NSSF ndiyo inayoniuma zaidi. Mwajiri anapochelewesha mshahara angalau unajua. Anapokukata kwenye malipo yako kwa jina la uzeeni, kisha akaketi na hizo pesa, anakuibia ukiwa umelala. Sheria inamtaka afikishe kila alichokata kunakohusika, na kutofanya hivyo ni kosa la jinai. Chukua taarifa yako ya michango, weka alama kwenye miezi iliyokosekana, ilinganishe na karatasi za mshahara zinazoonyesha makato, kisha upeleke malalamiko NSSF moja kwa moja. Wao wana nguvu zao za kumfuata mwajiri, tofauti na kesi yenu. Fanya vivyo hivyo kwa makato ya SHA, ile bima ya afya ya serikali. Usije ukajua hayakulipwa siku mtoto amelazwa.

Kwa wenzenu wanaolipwa kwa siku, wambieni wametiwa maneno ya uongo. Kibarua ni mtu wa leo na kesho hayupo. Anayefanya kazi mfululizo kwa jumla ya mwezi au zaidi, au anayefanya kazi isiyoweza kumalizika ndani ya miezi mitatu, kifungu cha 37 kinamhesabu kama mwajiriwa wa mwezi, mwenye notisi na likizo zake. Mikate huokwa kila siku ya Mungu. Miaka miwili mbele ya tanuri lile lile si ukibarua, na nitashangaa afisa wa leba akiona vingine. Daftari la mahudhurio likikosekana, wenzao wa shifti washuhudie.

Sasa mwende wapi? Ofisi ya leba ya hapa Nakuru, na mwende pamoja, ila kila mmoja na karatasi yake: jina, tarehe ya kuanza, kazi, mshahara, anachodai na jumla. Afisa wa leba akiona karatasi zilizopangwa anaanza kazi siku hiyo hiyo. Akiona umati wenye hasira, atawaambia mrudi Jumatatu. Huduma yake hailipiwi. Muulizeni swali hili kabla ya yote: je, bosi aliwahi kuiletea ofisi hii notisi ya kupunguza wafanyakazi? Sheria ilimtaka aijulishe kwa maandishi, pamoja na kila mmoja wenu, angalau mwezi mmoja kabla. Kama hakufanya hivyo, kuachishwa kwenu kulikuwa kinyume cha utaratibu, na mahakama inaweza kuongeza fidia juu ya hesabu niliyokupigia, hadi mishahara ya miezi 12. Hicho ni kikomo, usikichukue kama bei. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo msikae mkingoja bosi apate huruma.

Afisa atamwita bosi. Akija, sikilizeni anachotoa. Kulipwa kwa mafungu si jambo baya mradi kiasi chote kimeandikwa, tarehe za kila fungu zimewekwa na yeye ndiye aliyesaini. Asipokuja, njia ni mahakamani. Kwa kuwa mshahara wako hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, kesi yako inaweza kusikizwa na hakimu aliyepewa mamlaka ya kesi za ajira, si lazima uanzie Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Unaruhusiwa kujisimamia bila wakili. Ukimhitaji na huna uwezo, uliza habari za Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 kwa ajili ya watu kama wewe. Una miaka mitatu ya kufungua kesi, lakini sikushauri hata miezi mitatu. Mashahidi huhama, simu huibwa, na mali ya bosi haikungoji.

Dai pia cheti cha utumishi, karatasi inayosema ulifanya kazi gani na kuanzia lini hadi lini. Kisheria hawezi kukunyima hata mkiwa mmekosana. Kuna viwanda vingine vya mikate katika mji huu, na mwanamke aliyesimamia mashine ya kukanda unga kwa miaka ni mtu anayetafutwa. Anza kutafuta sasa. Kupata kazi mpya hakufuti hata senti ya deni la zamani.

Mwenye nyumba mwendee kabla hajakujia. Mwonyeshe karatasi ya leba ikishapigwa muhuri, umtajie kiasi kidogo unachoweza kumlipa kila wiki, na usimwahidi tarehe ambayo pesa zake zinategemea huruma ya bosi.

Na meneja anasubiri jibu. Mwandikie hivi, ukibadilisha ukipenda, lakini usiongeze neno la hasira: "Nimesoma karatasi. Sitaisaini kwa sababu sijalipwa haki zangu. Nadai mshahara wa miezi miwili, notisi, likizo na malipo ya miaka sita, jumla shilingi 163,385. Niko tayari kukutana mbele ya afisa wa leba." Hifadhi picha ya ujumbe huo ukishaonyesha umesomwa, na mengine mwambie afisa, si kikundi.